Bi Pimbi na Siku ya Jiwe

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile Kifaru alipokuwa mfalme na wanyama wakikipisha hata kivuli chake, sikukuu ilikuwa moja tu: Siku ya Tope. Wakubwa wote dini yao ilikuwa tope. Pimbi, wachache na wadogo, waliabudu jua. Kila mwaka, katika Siku yao ya Jiwe, waliketi mwambani kutwa, na jioni watoto walipewa majina. Lakini serikali haikuitambua, na siku hiyo pia walifanyishwa kazi.

Bi Pimbi alikuwa na binti asiye na jina. Siku mbili za Jiwe zilipita mama akichimba bwawa la mfalme. Mtoto aliitwa "wewe" tu, na kila akiitwa, roho ya mama ilimuuma.

Akaenda barazani. "Mfalme wangu, tupe siku yetu."

"Sheria iko wazi!" akadakia Waziri Kiboko. "Siku aliyoketi mfalme kutwa bila kazi, hiyo ndiyo sikukuu ya nchi, milele. Sasa mfalme aketi kwa ajili ya vipimbi?"

Kwa kwa kwa! Baraza zima likaangua kicheko. Bi Pimbi akaondoka akiwaza.

Alfajiri ya Siku ya Jiwe, huyo mlangoni kwa mfalme. "Mfalme wangu, kuna ubishi huko. Nani aweza kuketi mwambani toka macheo hadi machweo? Mimi nimesema ninyi wakubwa hamwezi. Makalio yenu laini, yamezoea tope."

"Laini? Mimi?" Kifaru akakoroma, hrrrm! "Kiboko, twende!"

Wakaketi, puu! Adhuhuri mwamba ukawaka moto.

"Mfalme, ngozi yangu inapasuka. Tushuke..." akalia Kiboko.

"Nyamaza! Tushindwe na pimbi?"

Kule bwawani hakukuinuliwa jembe hata moja, maana msimamizi alikuwa Kiboko mwenyewe. Wanyama wote wakaja kutazama.

Jua likazama. "Tumeshinda!" akanguruma Kifaru.

"Hongereni," akasema Bi Pimbi, "na ahsanteni kwa kusherehekea nasi Siku ya Jiwe. Mfalme ameketi kutwa bila kazi. Bwana Waziri, sheria yasemaje?"

Kiboko akainamisha kichwa. "Yasema... ni sikukuu. Ya nchi. Milele."

Loo, Kifaru alivyofura! Lakini sheria ni yake mwenyewe, na mashahidi tele. Vigelegele vikarindima mwamba mzima. Bi Pimbi, machozi ya furaha yakimtiririka, akamwinua binti yake juu mbele ya mfalme.

"Jina lako Mwanaheri!"

Basi wanangu, mnyonge msimcheke: kiburi cha mkubwa ndicho ngazi yake.