Njia ya Mteremko Mtupu

Hapo zamani, enzi zile ambazo mwenye baiskeli alingoja asalimiwe kwanza hata na mkwewe, palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa, ameolewa bondeni, chini ya milima ya Upare. Siku moja akaletewa habari kutoka kwao mlimani: baba yake, Mzee Mrutu, yu hoi kitandani, anataka kumwona binti yake kabla ya kufa. Tena kaahidi mtamba mwekundu kwa yeyote atakayemfikisha Nakijwa yeye mzee angali anapumua.

Nakijwa akasikia "baba." Mumewe, Kiondo, akasikia "mtamba."

"Usilie, mama watoto," Kiondo akasema. "Safari ni mipango. Daraja la barabara kubwa limechukuliwa na maji, basi tutapita njia ya nyuma. Niachie mimi."

Kiondo akapanga. Akapanga asubuhi, akapanga jioni. Akaenda gulioni kuwauliza wauza ndizi walioshuka kutoka mlimani kwa baiskeli zao.

"Njia ya nyuma ikoje?"

"Aa, njia raha! Mteremko mtupu, hata kunyonga hunyongi."

Kiondo akarudi nyumbani anachekelea. Wewe unayesikiliza umeshaelewa. Yeye hakuelewa, maana alikuwa anapanga. Akabeba kibuyu kimoja tu cha maji, kwani mteremko haukaushi koo.

Nakijwa naye akashikilia lake: kinu. Alimwahidi mama yake kinu kipya cha mti mgumu, na bila kinu haendi. Mbazi, mdogo wake Kiondo, kijana wa mapaja manene na maneno machache, akakitazama kinu, akamtazama shemeji yake, akaitoa baiskeli yake. Nakijwa akapanda nyuma ya Mbazi, kinu kakipakata kama mtoto. Kiondo akapanda baiskeli yake peke yake, bila mzigo, ili aone njia vizuri.

Kilima cha kwanza, Mbazi akanyonga. Cha pili, Mbazi akanyonga. Cha tatu, Nakijwa akashuka akatembea, kinu kichwani. Cha nne, akatembea. Cha tano, akatembea, na Mbazi akasukuma baiskeli huku akitapika maji ambayo hata hakuyanywa, maana kibuyu kilikuwa mbele na mwenye mipango.

"Kazeni moyo!" Kiondo akapaza sauti kutoka juu. "Mteremko uko nyuma ya hiki!"

Nyuma ya hicho kulikuwa na kingine.

Lakini tusimwonee. Tairi la Mbazi lilipopasuka katikati ya msitu, ni Kiondo aliyetoa kiraka, gundi na pampu. Na kila walipofika njia panda, ni yeye aliyejua washike ipi, kwa kuwa aliuliza. Asingeuliza, wangelala na nyani.

Jua likiwa limeinama, wakaupata mteremko kweli, mmoja tu, mkali, unaoshuka hadi mtoni karibu na kwa Mzee Mrutu. Kiondo akashuka mbio, anaimba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: wakasikia wimbo unakatikia kwenye miiba. Kabla hawajaanza kushuka, Mbazi akajaribu breki zake. Hazikushika.

"Shemeji, funga kinu nyuma!" Nakijwa akasema.

Wakakifunga kwa kamba, kikaburutwa, kikalima njia nzima mpaka mtoni, nao wakafika chini na meno yao yote. Wakamchomoa Kiondo miibani, wakavuka.

Uani, mtamba alikuwa amefungwa anacheua. Kiondo akatanua mikono mlangoni, miiba ingali mashavuni. "Ngojeni! Tusiingie kabla hatujaelewana nani kamleta."

Nakijwa akampiga kikumbo, akaingia.

"Nakijwa?"

"Ni mimi, baba."

Mzee akamshika mkono, akatabasamu. "Nani kakufikisha, mwanangu?"

Nakijwa alikuwa mtu wa haki. Akamfikiria Mbazi alivyotapika. Akaifikiria pampu ya mumewe. Akaifikiria miguu yake yenyewe, iliyochubuka. Akatafuta jina asilodhulumu mtu. Alipofumbua kinywa, mzee alikuwa amekwishakata roho, naye akajichukia kwa kuitumia pumzi ya mwisho ya baba yake kupima mambo ya ng'ombe.

Kilio kikazuka. Kiondo akainua mkono, akawaomba wafiwa wapunguze sauti kidogo ili hoja yake isikike.

"Bila mimi mngekuwa darajani mnatazama maji. Aijuaye njia ndiye mleta."

"Njia haitembei, kaka," Mbazi akasema. "Miguu hii ndiyo iliyomleta."

Nakijwa akatoka, macho mekundu, akashika kamba ya mtamba. "Vilima nilivipanda kwa miguu yangu, na mteremko tumeushuka kwa kinu changu. Nyie mlinisindikiza tu."

"Bila hicho kinu, shemeji," Mbazi akasema polepole, "tungefika mchana. Ungekaa naye."

Naye akaishika kamba, Kiondo akaishika pia. Kamba ikabaki mikononi mwa watatu, kila mmoja anavuta kwake, na mtamba katikati anacheua.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka tangu kilima cha kwanza, marehemu aliuliza na hakujibiwa. Mjibuni: nani aliyemfikisha Nakijwa?