Sikio la Mhando

Paukwa!
Pakawa!
Gobori?
La ukoo!
Ndege?
Wa porini!
Na supu?
Tutalamba vidole!

Vidole viacheni kwanza, wasikilizaji wangu. Supu ya leo sina hakika nayo.

Hapo zamani, katika nchi yenye vichaka vingi na njia chache, palikuwa na wawindaji wawili. Mmoja aliitwa Senkondo, wa pili aliitwa Mhando. Mhando alimwoa Semeni, dada yake Senkondo, kwa hiyo walikuwa mashemeji. Kila mmoja alikuwa na gobori lake, pembe yake ya baruti na kifuko chake cha marisau, zile chembe ndogo za risasi za kupigia ndege. Ndege waliyemtafuta ni kanga, yule mwenye madoa mwili mzima na nyama tamu ya supu.

Wote wawili walifundishwa na mtu mmoja, marehemu baba yake Senkondo. Mzee yule hakuwa msemaji. Aliwaachia maneno matatu. Ukienda porini, aga unakokwenda. Ukimkuta mama amelalia mayai, mpite. Ukiona kichwa, tafuta miguu. Hujaiona miguu, usifyatue.

Senkondo aliyashika maneno hayo. Mhando naye aliyashika, ila kama mtu anavyoshika kaa la moto. Yeye alikuwa na masikio. Masikio yale aliyasifu kuliko alivyomsifu mkewe, na Semeni alikuwa mwanamke wa kusifiwa. Akisikia kanga analia ndani ya kichaka, Mhando alielekeza mtutu kwenye sauti, akafyatua, halafu ndipo akaenda kutazama amepata nini. Mara ya kwanza alipata kanga. Mara ya pili alipata kanga. Mara ya tatu alipata mbuzi wa jirani, na akadai mbuzi yule alikuwa na sauti ya ndege.

Nyinyi mnacheka. Jirani hakucheka.

Basi, Semeni akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mdoe. Arobaini ikakaribia. Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: siku mzazi anapotoka nje na mtoto, anywe supu ya kanga, na kanga huyo aletwe na mjomba wa mtoto. Senkondo akaanza kusafisha gobori lake. Mhando akamwona, akanuna. Akasema mke ni wake, mtoto ni wake, sasa supu iletwe na mtu mwingine kwani yeye hana mikono? Wakabishana asubuhi. Wakabishana mchana. Jioni wakaacha kusemezana.

Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mvua zilikuwa zimepita, majani yamekuwa marefu, na kanga walikuwa wanalalia mayai. Semeni akawaambia waende pamoja, wakakataa. Akawaambia kuku wapo uani, mmoja achinjwe, supu ni supu. Wakamtazama kama mtu aliyetukana wazee.

"Mimi kaka ninaye mmoja, na mume ninaye mmoja," Semeni akasema, mtoto yuko begani. "Supu ikikosekana nitakunywa uji. Mmoja wenu akikosekana, nitakunywa nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Alfajiri Mhando akatoka, na hakumuaga mtu. Neno la kwanza likavunjika. Alivaa kofia aliyoishonea manyoya ya kanga pande zote, na shingoni alining'iniza filimbi ya mfupa wa bawa, ambayo ukiipuliza, kanga mwenyewe anadhani ni ndugu yake. Akaenda moja kwa moja kwenye kichaka alikojua kuna mama amelalia. Alitaka kumwita jogoo, na jogoo asipokuja, basi mama atatosha. Neno la pili nalo likavunjika.

Upande wa pili wa kichaka, nani anakuja? Senkondo. Yeye alikusudia jogoo tu, lakini naye hakumuaga mtu. Tusimfiche kwa sababu tunampenda. Hakuwa na filimbi. Aliita kwa viganja na midomo, kama alivyofundishwa na baba yake.

Katikati yao, chini ya majani, mama kanga amekaa juu ya mayai yake, na jogoo wake amesimama kando.

Mhando akapuliza: kwe-kwee, kwe-kwee.
Senkondo akasikia, moyo ukafurahi. Akajibu: kwe-kwee, kwe-kwee.
Mhando akasikia, moyo ukafurahi zaidi.

Jogoo akatanua shingo aitikie. Mkewe akamkanyaga mguu.

"Mbona hutaki niitike?" jogoo akauliza.
"Wanaitikiana wenyewe," mama akasema. "Kaa kimya."

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema waliotutangulia, na siku ile mshindo ulikuwa umeshashindiliwa ndani ya mtutu. Wakaitana tena. Wakatambaa. Wakaitana mara ya tatu, wakatambaa tena, kila mmoja akimsifu moyoni yule kanga kwa sauti yake nzuri.

Senkondo ndiye aliyeona kwanza. Aliona madoa meupe na meusi yakitikisika juu ya majani, hatua chache mbele. Akainua gobori. Akalenga. Kidole kikafika mahali pake. Kisha akakumbuka: ukiona kichwa, tafuta miguu. Akapiga goti, akachungulia chini ya majani. Akaona makubazi ya ngozi. Na makubazi yale aliyajua, maana yeye mwenyewe ndiye aliyempa shemeji yake siku ya harusi.

Akashusha gobori. Hofu ilipompungua ikaja furaha, na furaha ikaleta mzaha. Hapa ndipo alipokosea, jamani. Angeita jina. Angekohoa tu, angekwenda nyumbani mzima. Lakini alitaka kumtania shemeji yake, basi akaweka viganja mdomoni, akaita mara moja ya mwisho: kwe-kwee.

Mhando aligeuka kwenye sauti, akafyatua.

Moshi ukajaa kichakani. Mhando akatupa gobori, akachomoa kisu, akakimbia awahi kuchinja kabla roho ya ndege haijatoka. Akafika na kisu chake mkononi. Aliyekuwa chini alikuwa ameshika upande wa kushoto wa kichwa, na damu inapita kati ya vidole.

"Shemeji," Senkondo akasema, "huyu si wa kuchinja."

Marisau mengi yalipita hewani. Machache yaliondoka na sikio la kushoto.

Mhando alichana shuka lake akamfunga jeraha, akambeba mgongoni. Alilia njia nzima, tena kwa sauti. Walipokaribia nyumbani, Senkondo akamwomba apunguze kilio, kwa sababu sikio lililobaki ndilo lililokuwa karibu na mdomo wake.

Semeni alikuwa mlangoni. Aliwahesabu kwanza: kaka yupo, mume yupo. Ndipo akakaa chini. Watu wa ukoo wakaja juu, wakataka Mhando afukuzwe arudi kwao. Senkondo akasema mzaha ulikuwa wake, naye anastahili sehemu ya lawama. Wakabishana mpaka Semeni akasimama, akalichukua gobori la mumewe, akalitia juu ya dari, ndani ya moshi wa jikoni.

"Umemchukulia kaka yangu sikio," akamwambia Mhando. "Basi kuanzia leo sikio lake ni wewe."

Ikawa hivyo. Mtu wa sikio moja husikia kanga, lakini hajui yuko upande gani. Kila Senkondo alipokwenda kuwinda, Mhando alitembea kushotoni kwake, mikono mitupu. Sauti ikisikika, Mhando alionyesha kwa kidole, kisha akapiga goti na kuchungulia. Senkondo aliuliza, "Miguu umeiona?" Mhando akijibu "Nimeiona," Senkondo anafyatua. Akijibu "Bado," wanangoja. Siku nyingi walirudi bila kitu, na Mhando hakusema neno juu ya masikio yake tena.

Miaka ikapita. Siku moja, baada ya mvua, wakasikia kanga kichakani: kwe-kwee, kwe-kwee. Sauti safi, ya kanga aliyenenepa. Majani yakatikisika. Senkondo akainua gobori. Mhando akasikiliza, na masikio yake yote mawili yakamwambia kwamba huyu ni ndege, hakuna shaka. Hata hivyo akapiga goti, akachungulia.

Akakaa chini muda mrefu.

"Miguu umeiona?" Senkondo akauliza.

Mhando akaushika mtutu kwa mkono wake, akauelekeza ardhini.

"Nimeiona," akasema. "Ni ya mpwa wako Mdoe."

Mtoto akatokea kichakani, viganja bado viko mdomoni, anacheka kwa sababu amewadanganya wawindaji wawili. Hakuna aliyempiga. Mhando alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea, na alimshika miguu yote miwili asiiachie.

Semeni akatazama mikoba, mitupu. Akawauliza wamemletea nini. Mhando akamshusha mtoto mbele yake. Semeni akamtazama kaka yake, akatazama gobori mkononi mwake, akaelewa. Akabandika chungu jikoni.

Jioni ile walikunywa uji.

Na huko kichakani kanga wanaitana hata leo. Ukiwasikia, ndugu yangu, shukuru kwa sauti, kisha piga goti.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua makubazi, imeingia ndani. Miguu yake mmeiona?
Tumeiona!
Basi nami nashusha mtutu.