Mwalimu Aliyefungiwa Nje

Ndugu zangu, naona wengine mmeshaanza kuegemea viti kama watu waliotoka kula pilau. Kaeni vizuri. Leo nawapeleka shule. Na nyie mliozoea kutoroka vipindi zamani, leo mlango nimeufunga.

Palikuwa na mwalimu mmoja, mwanamke, bado kijana, aliyepangiwa shule ya kata huko ambako mvua ikinyesha hata pikipiki inakataa kwenda. Alifundisha somo la uraia, kidato cha kwanza. Alikuwa bado kwenye matazamio, yaani wakubwa walikuwa hawajaamua kama watamthibitisha kazini au watamwambia ahsante, rudi kwenu. Na huko kwao mama yake na wadogo zake walikuwa wanamtazama yeye tu. Kwa hiyo kazi ile aliishika kwa mikono miwili.

Siku ikafika ya kufundisha habari za katiba na sheria za nchi. Mnajua watoto wakisikia neno katiba wanafanyaje? Wanapiga miayo. Mmoja akianza, safu nzima inafuata. Mwalimu akawaangalia, akafunga kitabu, akasema, "Haya. Katiba hatuisomi leo. Leo tunaitunga."

Miayo ikakatika.

Akaligawa darasa. Akasema, "Ninyi wote mliokaa hapa ni Bunge, mtatunga sheria. Kiranja ni Serikali, atazitekeleza. Na ninyi watatu wa kule nyuma ni Mahakama. Mtu akishtakiwa, mtamsikiliza kabla hajaadhibiwa." Wale watatu walichekelea sana. Hawajawahi kupewa cheo katika maisha yao, leo wamekuwa majaji! Mmoja akajifunga sweta mabegani kama joho.

Basi Bunge likakaa, na lilikuwa Bunge kali. Watu wazima tunadhani watoto ni wapole, lakini wape watoto madaraka uone. Sheria ya kwanza waliyotunga ilikuwa ya wachelewaji. Kiranja, kijana mrefu mwenye sauti ya kuita abiria, akaisoma kwa kishindo: "Atakayefika baada ya kengele atasimama nje mpaka mapumziko. Hakuna kujieleza!"

Mwalimu akauliza, "Hamjasahau kitu?"

"Hatujasahau!"

"Hakuna kujieleza kabisa? Na wale majaji wetu watafanya kazi gani?"

"Wachelewaji waongo, mwalimu! Ukiwasikiliza hawamalizi!"

Akatokea mchokozi mmoja akauliza, "Na mwalimu akichelewa je?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akasema, "Andikeni. Sheria hii ni ya wote, na mimi nimo. Na mkishaipitisha, sina ruhusa ya kuifuta peke yangu." Wakapiga kura, mikono ikapanda juu, ikapita. Wakaibandika ukutani.

Sasa nisikilizeni. Siku chache tu baadaye mwalimu anakuja kipindi cha kwanza, anakuta binti amesimama nje ya mlango. Ni binti mmoja mpole, wa kukaa dirishani, ambaye ungeweza kumfundisha mwaka mzima usiijue sauti yake. Darasa lile linatazama mawio, na jua la asubuhi linapiga pale mlangoni bila huruma. Binti ameshika viatu mkononi, miguu ina tope, macho mekundu.

Mwalimu akamwuliza kiranja, "Kuna nini?"

"Amechelewa, mwalimu. Nimetekeleza."

"Amesikilizwa?"

"Sheria inasema hakuna kujieleza."

Mwalimu akageukia nyuma. "Mahakama inasemaje?" Mahakama ilikuwa inakula ubuyu. Jaji wa sweta akameza haraka haraka, akasimama, akasema, "Sheria iko wazi, mwalimu." Akaketi, akaendelea na ubuyu wake.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mwalimu alikuwa na uwezo wa kusema neno moja tu, ingia, na binti angeingia. Lakini aliona hatari yake. Angefuta sheria kwa mdomo wake, na watoto wale wangejifunza kwamba katiba ni maneno ya ukutani, na mkubwa akitaka anaipita kama anavyopita dimbwi. Akawaambia, "Bunge linaweza kubadili sheria wakati wowote. Nani ana hoja?" Wakatazama madawati. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Binti akasimama juani mpaka mapumziko, na ndani baadhi ya wenzake walikuwa wanamchungulia dirishani na kucheka.

Mwalimu alifundisha siku ile, lakini moyo ulimuuma. Alirudi kwake akapika, chakula akakiacha. Alijiuliza kama amewafundisha watoto haki au amewapa fimbo tu.

Wiki iliyofuata, asubuhi, mkuu wa shule akamwita ofisini. Akamwambia mkaguzi amefika, mzee mmoja anayejulikana kwa ukali, na atakaa kwenye kipindi chake cha uraia, na atakachoandika ndicho kitakachoamua kama atathibitishwa. Mkuu akaanza kumpa maelekezo. Fanya hivi, usifanye vile, kumbuka kutabasamu. Mwalimu akawa anatazama mlango. Kengele ikalia, mkuu bado anaongea. Alipoachiwa alitoka mbio, vumbi linapanda, kufika mlangoni darasa limeshakaa.

Kiranja alipomwona akatabasamu kwa heshima zote, akafungua mlango wazi. "Shikamoo mwalimu. Karibu. Tunajua ulikuwa kwa mkuu."

Mwalimu akabaki pale pale nje.

"Marahaba. Kengele imelia?"

"Imelia, lakini..."

"Basi funga mlango."

"Lakini mwalimu, mkaguzi anakuja!"

"Serikali, nimesema tekeleza."

Ndugu zangu, mwalimu yule alijua anachokifanya. Alimwona mkaguzi anatokea kule ofisini na koti lake, anakuja. Alijua mama yake nyumbani anasubiri. Aliogopa, na tusimdharau kwa hilo, maana mtu asiyeogopa chochote hatuna haja ya kumsifu. Mlango ukafungwa. Akasimama juani.

Mkaguzi akafika, akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiye mwalimu wa kipindi hiki?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona uko nje? Nimekuja kukagua kipindi, unaniletea maigizo?"

"Kipindi kinaendelea, mzee," mwalimu akasema. "Nimechelewa, na sheria ya darasa imenikamata. Naomba usogee dirishani usikilize."

Mzee yule alikunja uso. Lakini akasogea.

Ndani kulikuwa kunawaka moto. Bunge limesimama lote! "Hatuwezi kumwacha mwalimu juani!" "Alikuwa na sababu!" "Sheria gani hii haisikilizi mtu?" Mmoja anataka kujua nani aliileta sheria mbaya namna hii, na ndiye aliyeiunga mkono kwa kelele kuliko wote siku ile. Hata Mahakama iliacha ubuyu. Jaji wa sweta akapiga dawati, akatangaza kwamba haki ya mtu ni kusikilizwa kwanza, mwalimu alifundisha, yeye alikuwepo! Wakapiga kura. Mikono yote juu. Kuanzia leo, mchelewaji asikilizwe kabla ya kuadhibiwa.

Kiranja akafungua mlango, anang'aa. "Mwalimu, tumebadilisha sheria. Ingia ujieleze."

Hapa ndipo na mimi nilipotaka kuwafikisha. Ningekuwa mimi, ningeingia. Mkaguzi yuko pale, watoto wamejadili, wamepiga kura, somo limeiva. Ukitaka alama zote, ingia sasa! Lakini mwalimu hakuingia.

Akauliza, "Mmeibadilisha kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, mwalimu."

"Wiki iliyopita alisimama hapa mwenzenu. Yeye hakuwa na sababu?"

Kiranja akageuka kuitazama sheria ukutani.

"Mlimuuliza?"

Kiranja akatikisa kichwa.

"Mimi siingii kwa mlango mlioufungua kwa sababu ni mimi," mwalimu akasema. "Sheria yenu mpya ni nzuri, nawapongeza. Ila ianze kwa yule aliyetangulia kusimama. Akishasikilizwa yeye, mimi nitangoja zamu yangu."

Shingo zote zikageuka dirishani. Binti akasimama polepole. Aliongea chini chini mpaka mkaguzi akaweka kiganja sikioni. Akasema, "Mama alishikwa na uchungu alfajiri. Baba yuko safarini. Nilikwenda kumwita jirani ng'ambo ya mto, tukarudi, nikachemsha maji. Mtoto alipolia ndiyo nikaja shule. Nilikuwa nataka kuwaambia nimepata mdogo wangu."

Mmesikia hiyo? Alikuja na habari njema ya kuwapa rafiki zake, wakamfungia mlango nayo. Siku nzima ile hakuna aliyemwambia hongera. Kiranja, yule mwenye sauti ya kuita abiria, alifuta macho kwa mkono wa shati na hakujali nani anamwona. Jaji akavua sweta lake mabegani, akaliweka chini ya dawati.

Mwalimu naye machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema, "Binti yangu, hukumu iko kwako. Wewe ndiye uliyekosewa. Unataka tufanye nini?"

Binti akamtazama mwalimu wake pale nje, jasho linamtiririka. Akasema, "Mwalimu aingie. Jua la pale mimi nalijua."

Mwalimu akaingia. Mkaguzi akamfuata, akakaa dawati la nyuma kabisa pamoja na Mahakama, akasikiliza mpaka mwisho. Alipotoka akaenda kwa mkuu wa shule, akamuuliza swali moja tu: "Yule mwalimu bado mnamtazamia kitu gani?" Akatia saini, akaondoka.

Sasa turudi nyumbani, maana naona mnafurahi sana kwa mambo ya shule ya watu.

Mimi nampenda mwalimu yule. Nampenda kwa sababu alikuwa na njia ya kutokea na akaikataa mpaka ifunguliwe kwa mdogo kuliko yeye. Na je, Bwana wetu hakufanya hivyo hivyo? Yeye mwenye amri zote alikubali kuja kusimama mahali tuliposimama sisi, chini ya jua letu, akapewa hukumu yetu. Hakupiga kelele kutoka ndani. Alitoka nje. Ndiyo maana tunapomlilia hatuhitaji kumweleza jua likoje.

Lakini sisi, ndugu zangu? Sisi ni lile Bunge. Tunatunga kanuni kali kwa ajili ya watu tusiowaogopa, na siku ikimgusa tunayemheshimu, ghafla tunagundua kwamba kanuni ina matundu, kwamba lazima tuangalie mazingira, kwamba Mungu ni wa huruma. Mungu ni wa huruma, ndiyo. Lakini mbona huruma yake tunaikumbuka gari kubwa likishaegeshwa hapo nje?

Hapa kwetu tuna kanuni ya matangazo ya ndoa. Jumapili tatu mfululizo, ndipo watu wafunge ndoa. Kanuni nzuri, mimi sina ugomvi nayo. Miezi michache iliyopita alikuja binti mmoja wa humu humu, mama yake mnamjua, mnanunua maandazi yake. Mchumba wake alikuwa na likizo fupi, anarudi kazini mbali. Wakaomba Jumapili moja ipunguzwe. Tulimwambia nini? Kanuni ni kanuni. Hatukumkaribisha hata kukaa kwenye kiti. Mchumba akaondoka, na mpaka leo hajarudi.

Juzi akaja kijana wa mtu mkubwa. Naye ana haraka, anasafiri, anaomba Jumapili ipunguzwe. Kikao cha wazee kikakaa siku ya kazi, watu wakaomba ruhusa makazini kwao! Hoja zikatolewa nzuri sana, za maandiko kabisa. Mkono uliokataa sikuuona. Na mimi nakiri hoja zilikuwa za kweli. Zilikuwa za kweli hata alipokuja yule binti, ila hakuna aliyezitafuta.

Siwaambii tumnyime yule kijana. Akioa, tutakula pilau, tutacheza. Nawaambia tu hatumfungulii mlango peke yake.

Tukimaliza hapa, wazee wa kanisa naomba mbaki. Msiniambie mna wageni nyumbani, wageni watasubiri. Na wewe binti yangu uliyekaa safu ya mwisho na mama yako, usiondoke. Tutakuwekea kiti. Ni wewe utakayeanza kuzungumza, na sisi tutanyamaza.