Kiti Namba Mia Mbili na Kumi na Mbili

"Waraka Na. 14 wa Kamati Ndogo ya Viti, Vivuli na Viburudisho: Utaratibu wa Kudumu wa Kugawa Kiti Kimoja (1) cha Mwalikwa kwa Kila Mhitimu."

Hapo zamani, ingawa si zamani sana, maana wino wa mihuri yake haujakauka vizuri, waraka huo ulibandikwa kwenye mbao zote za matangazo za chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kwenye baridi na migomba. Ulikuwa na kurasa sita. Kurasa tano zilieleza kamati iliketi mara ngapi. Ya sita ilisema: mhitimu mmoja, mwalikwa mmoja, kiti kimoja, na jina liandikwe kwenye kadi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Aliyeusoma mara tatu alikuwa Tusekile, aliyekuwa akihitimu Shahada ya Kwanza ya Usimamizi wa Burudani, Michezo na Utalii. Mwaka wa pili alifundishwa kuketisha watazamaji elfu kumi uwanjani, na kuwatoa kwa dakika nane kukitokea moto. Hakuna aliyemfundisha kuketisha watu watatu kwenye kiti kimoja. Na waliomfikisha pale walikuwa watatu. Wazazi wake walikwisha kufariki. Angekuwepo hata mmoja wao, waraka ungejijibu wenyewe.

Wa kwanza alikuwa baba yake mdogo, Anyosisye, fundi baiskeli. Tusekile alipomaliza kidato cha sita alitaka uuguzi. Siku ya mwisho ya maombi alikuwa kitandani na malaria, hajui mchana wala usiku. Baba Mdogo akaacha baiskeli ya mteja ikiwa juu chini, akaenda kwenye duka la intaneti. Uuguzi ulikuwa umejaa. Ikabaki nusu saa. Akasoma orodha yote kwa kidole, akachagua kozi yenye jina refu kuliko zote, kwa hoja kwamba kazi yenye jina refu hivyo lazima iwe na ofisi kubwa.

Ukoo ukacheka. "Mnampeleka mtoto chuo kikuu akasomee kucheza?"

"Hachezi," alijibu Baba Mdogo, kwenye harusi, msibani, na kila mahali alipoulizwa. "Anasimamia wanaocheza. Nyie mnaocheza bure bila msimamizi, mmefika wapi?"

Tusekile akaenda, akaipenda ile kozi kuliko alivyowahi kuupenda uuguzi.

Wa pili alikuwa Mama Lugano, muuza chai wa kijiji cha Ikumbilo. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa kuandaa tukio la michezo litakaloleta wageni kijijini. Likishindikana, hakuna shahada. Tusekile akaandaa mbio za kilomita kumi kutoka sokoni hadi kwenye maporomoko ya maji. Kitabu chake, kilichoandikwa mbali sana na Ikumbilo, kilisema kila kona iwekwe alama inayoonekana vizuri. Basi Alhamisi akachukua rangi nyekundu, akapita kwenye kuta za nyumba arobaini na moja, akachora X.

Msomaji aliyewahi kujenga kando ya barabara, anayejua X nyekundu ni alama ya nyumba ya kubomolewa, ameshashika kichwa.

Kufikia Ijumaa saa tatu asubuhi mzee mmoja alikuwa ameshusha mabati sita ili tingatinga lisiyakute. Mwingine alikuwa amehamishia kitanda kwa shemeji yake. Wananchi wakaandika malalamiko, wakayapeleka wilayani, nakala chuoni, kisha wakaziba njia kwa mabenchi ya kanisa. Tusekile alifika kwa Mama Lugano na ndala zake miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenibomolea nyumba?"

"Ni njia ya mbio tu, mama. Nilitaka wakimbiaji wajue pa kukata kona."

Mama Lugano akaitazama X ya ukutani kwake, akamtazama msichana, akacheka mpaka chai ikachemka ikamwagika. "Wenye barabara wana magari, mwanangu. Wewe una ndala. Rangi imebaki?"

"Imebaki."

"Chora nyingine mlangoni. Kubwa. Halafu kaa hapo unywe chai, waone nabomolewa nikiwa nacheka."

Kisha akajifunga khanga, akapita nyumba kwa nyumba, zote arobaini zilizobaki, akirudia maneno yale yale: "Kwangu zipo mbili, na bado napika." Jioni mabenchi yalirudi kanisani. Jumamosi watu sitini na watatu walikimbia, mhadhiri wake akaangalia, akaandika, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Aliyeshinda alikuwa mpeleka maziwa ambaye hakujiandikisha, alikuwa kazini.

Wa tatu alikuwa Bwana Kibopile, karani wa masjala ya chuo. Wiki mbili kabla ya mahafali matokeo yalitoka, na mbele ya mradi wa Tusekile palikuwa na mstari mahali pa alama. Taarifa yake ya mradi haionekani. Bila taarifa hakuna alama, bila alama hakuna joho. Ofisi moja ilimtuma ofisi ya pili, ya pili ikamtuma ya tatu, ya tatu ikamrudisha ya kwanza na kumpongeza kwa uvumilivu.

Bwana Kibopile alikuwa likizo, akipalilia viazi. Tusekile akamfuata shambani kuomba ushauri tu. Yule mzee akamsikiliza, akaegesha jembe.

"Taarifa yako ilikuwa na picha?"

"Ndiyo, baba. Picha za kuta."

"Zenye X?"

"Zenye X."

"Basi twende."

Alifungua masjala na kandambili miguuni na udongo kwenye kucha. Siku tatu za likizo yake alipekua majalada. Siku ya tatu akaikuta, imefungwa kwa uzi mweupe na nakala ya yale malalamiko ya wilayani, ndani ya jalada lililoandikwa "Bomoabomoa: Mambo ya Jumla." Mtu mmoja makini alikuwa ameona picha za nyumba zenye X, akafanya kazi yake.

Hao ndio watatu. Tusekile akaandika barua kuomba viti viwili zaidi, akieleza sababu. Kamati ikajibu kwa heshima kwamba imepokea shukrani zake, na kwamba shukrani haziongezi viti.

Ijumaa saa kumi kasorobo alisimama dirishani na kadi. Akainua kalamu, akaishusha, akaiinua. Mwisho, kwenye nafasi ya jina la mwalikwa, akaandika: Aliyenifikisha. Kadi ikagongwa muhuri kabla haijasomwa, kama ilivyo desturi, ikafungwa kwenye kiti namba 212.

Akawaalika wote watatu. Siku ya mahafali wakakutana karibu na kiti hicho, nje ya kamba iliyozungushiwa viti, wakasoma kadi.

"Ni mimi huyu," alisema Baba Mdogo, akirekebisha koti la kuazima. "Bila mimi asingekuwa na kozi. Kidole hiki ndicho kilichobonyeza."

"Ulibonyeza usichokijua, baba," alisema Mama Lugano. "Bila mimi asingekuwa na mbio. Mpaka leo mlango wangu una X, watu wanauliza nahama lini."

"Kwa kumbukumbu zilizopo," alisema Bwana Kibopile, "kozi ilikuwepo, mbio zilikuwepo, na jina lake halikuwepo. Bila mimi angekuwa hapa nje na sisi."

"Lakini kutafuta majalada si ndiyo kazi yako?"

"Nikiwa kazini, mama. Nilikuwa likizo. Viazi vyangu vimeliwa na panya."

"Pole, baba. Vyote?"

"Karibu vyote."

Wakacheka. Baba Mdogo akampigapiga karani begani. Mama Lugano akamimina chai ya chupa kwenye kifuniko, kikazunguka kwa watatu. Hakuna aliyekaa.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kamati Ndogo, beji kifuani. "Mke wa mgeni rasmi hana pa kukaa, na kiti hiki kiko wazi. Kadi inasema Aliyenifikisha. Ni nani kati yenu?"

Wote watatu wakamtazama Tusekile, aliyekuwa kwenye foleni ya wahitimu waliovaa majoho hatua chache kutoka pale. Akawatazama mmoja mmoja. "Ndaga fijo," akawaambia, asante yao ya nyumbani, na machozi yakamtoka. Akafungua mdomo ajibu.

Kilichotokea ni hiki: jina lake lilisomwa kabla hajajibu, akaenda, akatunukiwa shahada, na watu watatu wakashangilia wakiwa wamesimama nyuma ya kamba, kiti kitupu mbele yao. Lakini mama wa Kamati bado ameshika mgongo wa kile kiti, anasubiri jibu aandike kwenye fomu. Haya, mliosikiliza, mjibuni ninyi: nani aliyemfikisha?