Kwaya Iliyoshuka Pamoja

Wapendwa, wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Kulikuwa na binti mmoja aliyesomea ualimu wa muziki kwenye chuo kimoja, vile vyuo ambako hata mtu wa muziki lazima asome historia na falsafa. Miaka minne! Mtihani wa mwisho ulikuwa kuongoza kwaya ya wanafunzi wenzake, wimbo wa beti nne, bila kinanda. Mara ya kwanza alifeli. Safari hii akifeli tena, anafungasha virago, na ualimu ndiyo basi.

Mzee msimamizi wa mtihani akabonyeza kinanda mara moja tu, kuwapa sauti ya kuanzia. Binti akainua mikono. Ubeti wa kwanza ukaenda sawasawa. Wa pili, waimbaji wa besi wakalegea, sauti ikashuka kidogo tu, na wengine wote wakawafuata chini. Binti akasikia. Alikuwa na sikio zuri, jamani, na hilo ndilo linaloniuma. Akiwarudisha juu, wimbo utayumba mbele ya mzee. Na wenzake walikuwa wanaimba kwa raha, wengine wamefumba macho. Akashuka nao.

Walipomaliza, watu ukumbini walikuwa wanajifuta machozi. Mzee akabonyeza tena ile sauti ya kuanzia. Aibu gani hiyo! Sauti iko juu kule, wao wako chini huku.

"Nani kakosea?" akauliza mwanakwaya mmoja. "Mbona tulikuwa pamoja?"

"Pamoja mlikuwa," mzee akasema. "Mmeshuka pamoja." Akamgeukia binti. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia, mwalimu. Tangu ubeti wa pili."

"Sasa mbona hukuwapandisha?"

"Walikuwa wanaimba vizuri mno. Niliogopa kuwaharibia."

Mzee akavua miwani. "Mwanangu, hawa wameshuka bila kujua. Wewe umeshuka unajua. Nikupe watoto wa nani ukawafundishe?"

Binti akatoka, akakaa kwenye ngazi, akalia mpaka machozi yakamwishia. Ndani, wenzake walikuwa bado wanausifia wimbo.

Sisi je? Nani hapa anakumbuka tulianzia wapi? Kila mmoja anamtazama jirani yake, anamwona yuko pale pale alipo yeye, basi roho inatulia. Tunaitikia "amina" kwa nguvu. Tuko pamoja, ndiyo. Lakini tuko wapi?

Najua mnangoja niseme binti alipewa mtihani mwingine. Hakupewa. Nami leo sina neno la kuwafariji. Yule dada aliyezaa kabla ya ndoa, mlipoanza kumwachia benchi zima akae peke yake, mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa mimbarini, na niliona. Jumapili moja akachukua mkoba wake, akambeba mwanawe, akatoka katikati ya ibada. Nikamtazama mpaka mlangoni. Kisha nikatangaza wimbo unaofuata.