Neno Lililongoja Mkate

Neno lililongoja mkate halichomi. Methali hii ilianza hivi, na ninyi watoto mlioniuliza maana yake nilipomkemea Yaeli kwa kumtukana dada yake, sogeeni karibu. Sauti yangu imebaki kidogo, nayo naiweka akiba ya kuwasengenya majirani.

Huku kwetu Nyandarua, sisi Wayahudi wachache hatuumegi mkate kabla ya kunawa. Tunamimina maji kwa kopo lenye mishikio miwili, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Tunasema baraka ya kunawa, halafu tunafunga vinywa. Hakuna kusema tena mpaka mkate ubarikiwe na kuonjwa. Ukiwa na la kusema, utalimeza.

Bibi yangu Tirza alikuwa na mengi ya kusema, hasa juu ya mkwewe mpya. Huyo ndiye mama yangu, Adina. Baba yangu Nahumu alikuwa kazini Naivasha kwenye mashamba ya maua, kwa hiyo Adina alibaki na wakwe. Alikuwa ameshaunguza sufuria ya bibi, tena ameshamwachia mbuzi akatafuna shuka. Tirza akawatangazia majirani kwamba kosa moja tu zaidi, msichana atarudishwa kwao. Na bibi yangu akishatamka jambo mezani, halirudi kinywani.

Ikaja Sabato. Adina akaleta kutoka jikoni mikate miwili iliyofunikwa kitambaa. Mikate ya Sabato lazima iwe mizima. Tirza akanawa, akasema baraka, akaketi, akainua kitambaa akinyooshe. Mkate mmoja ulikuwa umemegwa pembeni.

Akamtazama Adina. Adina akautazama mkate. Hata kujitetea hakuweza, kwa kuwa naye alikuwa ameshanawa. Tirza akafungua kinywa.

"Mama Nahumu," babu Eliabu akasema kwa upole wa mtakatifu, akiwa bado kwenye beseni, hajanawa, "umeshanawa."

Tirza akafumba kinywa, uso umemvimba kama andazi. Babu akanawa taratibu, kidole baada ya kidole, kama mtu asiyetamani kabisa kufika mezani. Mwishowe akaja, akaketi karibu na dirisha, jua likamwangukia kidevuni. Ndevu zake nyeusi zilikuwa na chembe za ufuta.

Tirza akaziangalia zile ndevu. Akauangalia na mkate, ulionyunyiziwa ufuta juu. Babu akaushika ule mzima, akabariki upesi kuliko siku zote, akaumega na kuwagawia. Tirza akatafuna, akameza, ndipo akasema.

"Adina mwanangu, chukua kipande kikubwa, wewe unakula kwa ajili ya wawili. Na wewe, Baba Nahumu, pangusa ndevu. Huo wa jikoni, uliunawia?"

Babu akashikwa na kikohozi. Adina akacheka mpaka machozi yakamtoka. Habari ya kurudishwa kwao haikusikika tena.

Yule wa pili aliyekuwa akilishwa tumboni ni mimi. Neno lile lingetoka likiwa la moto, ningelelewa mbali na nyumba hii, bila bibi wa kunifundisha kuoka mkate, wala babu wa kunifundisha kuuiba. Ndiyo maana kila nikishika kopo namshukuru Mungu kwa maji, kwa kile kimya kifupi, na hata kwa ulafi wa babu.

Kwa hiyo Yaeli, ukijisikia kumtukana dada yako, nenda kanawe kwanza. Neno lililongoja mkate halichomi.