Wenyeji Watatu wa Bi Mwantumu

Sogeeni karibu, na wewe mwenye kisu weka chini hizo ndizi, utazimenya baadaye. Hadithi ninayoileta haina mwisho. Nilipewa hivyo na ninaitoa hivyo. Atakayeniuliza mwisho wake nitamrudishia swali, na asipojibu tutamcheka.

Palikuwa na kijiji juu milimani, upande wa Upare, nitakiita Mrindwa. Humo waliishi watu watatu wenye vipaji. Kila mmoja alikijua kipaji chake, na kila mmoja aliamini kwamba cha wenzake ni bahati tu.

Wa kwanza alikuwa Mbazi, mgane wa miaka sabini. Kipaji chake kilikuwa jicho. Akiitazama ardhi anajua kama imekaa au inajiandaa kuondoka. Pale ambapo sisi tunaona majani, yeye anaona maji yanayopita chini ya majani.

Wa pili alikuwa Nakunda, mjane. Kipaji chake kilikuwa mkono. Alichokipanda kiliota. Watu walisema akichomeka fimbo yake ardhini apumzike kidogo, akiamka ataikuta ina majani.

Wa tatu alikuwa Naetwe, dada wa marehemu mume wa Nakunda. Kwa hiyo hao wawili ni mawifi, na habari za mawifi mnazijua wenyewe. Kipaji cha Naetwe kilikuwa sikio. Ukimwambia sijambo, yeye anasikia kama kweli hujambo.

Sasa akaja Bi Mwantumu. Huyu alikuwa mpishi wa kambi katika shamba la mkonge huko chini tambarare, miaka thelathini na minane akisonga ugali wa watu mia. Kila alfajiri alipotoka kuwasha moto aliiona milima ile juu yake, ya buluu, na hakuwahi kuipanda. Mumewe alipofariki, eda ikaisha, akawaambia wanawe kwamba anahamia huko juu kulima. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Mwanawe mkubwa akasema, "Mama, umri huu watu wanatulia."

"Nimetulia miaka thelathini na minane," akajibu. "Nimechoka kutulia."

Akafunga sufuria zake, akapanda.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo penye kasheshe yote. Kule alikotoka Bi Mwantumu, mwenyeji ni yeyote aliyekupokea. Unamwambia asante mwenyeji wangu, unakunywa chai yake, mmemaliza. Mrindwa neno hilo halichezewi. Mashamba ya Mrindwa yanakunywa maji ya ndiva, yaani bwawa la udongo walilochimba mababu, na maji hayo yanafunguliwa kwa zamu, ukoo kwa ukoo. Mgeni hana zamu. Anamwagilia ndani ya zamu ya mwenyeji wake, anaingia katika ukoo wake, na siku akifa analazwa katika migomba ya watu hao. Ukishamwambia mtu wewe ni mwenyeji wangu, umempa kaburi lako alitunze. Na siku ya mahindi ya kwanza, mgeni hubeba kikapu hadi ukingoni mwa ndiva, akakiweka miguuni pa mwenyeji wake, watu wote wakiona. Kikapu ni kimoja. Asipokiweka, amebaki mgeni, hapati maji, na bila maji hapana shamba. Atarudi alikotoka.

Yote hayo hakuna aliyemweleza. Watu hawaelezi jambo wanalodhani kila mtu analijua.

Alipofika, Bi Mwantumu alipenda kiwanja kimoja tambarare kando ya njia, unakaa mlangoni unaona nyika yote hadi ukungu unapoanzia. Mbazi akapita, akasimama, akatazama.

"Dada, hapo pazuri," akasema.

"Ndiyo maana nimepachagua, kaka."

"Pazuri panahama."

Akamkatia kipande cha shamba lake mwenyewe, upande wa mawe. Bi Mwantumu alichimba mawe wiki tatu, huku akimsema mzee wa watu kimoyomoyo. Mvua za vuli ziliponyesha siku nne mfululizo, kile kiwanja kizuri kikaondoka chote, majani na njia yake, kikaenda kulala mtoni. Bi Mwantumu akaenda kukitazama. Kisha akakamata kuku, akampelekea Mbazi. "Kaka," akasema, "wewe ndiye mwenyeji wangu." Mbazi akampokea kuku. Alinawa mikono, akaingia ndani, akavaa koti lake la ibada, akatoka akakaa. Bi Mwantumu akadhani mzee anasikia baridi.

Akalima. Lakini alipanda kama walivyopanda bustani za kambini, mbegu chini sana, mashimo yamebanana, na udongo wa mlimani una baridi yake. Mahindi yakatoka manjano, mengine hayakutoka. Akiba ikaisha, akawa anakula mara moja kwa siku, na aibu ya mpishi kulala njaa hakuna aijuaye ila mpishi. Nakunda akaja na jembe bila kuitwa. Akang'oa yote, akapanda upya, akapanda na maharage kati, akaleta machipukizi sita ya migomba kutoka kwake. Alifanya kazi hiyo Jumatatu hadi Jumamosi, na kila jioni aliacha bakuli la makande juu ya jiwe kama mtu aliyelisahau. Shamba lilipokuwa kijani, wanawake wakipita kutoka gulioni, Bi Mwantumu akamshika Nakunda mkono mbele yao. "Jamani, mwenyeji wangu ndiye huyu." Wanawake wakatazamana. Nakunda akarudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita mlangoni kwa wifi yake.

Basi ardhi ipo, chakula kipo. Kilichobaki ni moyo, na moyo haumwagiliwi kwa zamu. Baridi ilimwingia. Lugha ya watu hakuijua, wakicheka anadhani wanamcheka yeye. Hapakuwa na mtu Mrindwa nzima aliyewahi kumwona mumewe. Asubuhi moja akafunga mzigo wake kimya kimya ashuke. Naetwe alikuwa anapita njiani, akamsalimu kwa sauti, "Umeamkaje?"

"Salama."

Naetwe akaisikia ile salama. Akaacha njia, akaingia, akauona mzigo, hakuuliza neno. Aliukalia. Akaomba chai, akasema, "Nihadithie habari za mumeo." Bi Mwantumu akahadithia mpaka mbuzi wakarudi. Kesho yake Naetwe akaja tena, na kesho kutwa, akaukalia mzigo uleule, mpaka siku aliyoukuta umefunguliwa. Siku hiyo Bi Mwantumu akalia, akasema, "Mwenyeji wangu ni wewe."

Naetwe alikuwa ameshasikia habari za wifi yake na njia ndefu. Akasema, "Usiniambie hivyo kwa machozi kama hujui unachosema."

"Najua ninachosema," akasema Bi Mwantumu. Naye aliamini kwamba anajua.

Mmeona sasa? Mmoja aliambiwa kwanza. Mmoja aliambiwa mbele ya mashahidi. Mmoja aliambiwa kwa machozi. Na wivu ukaingia Mrindwa, ukajikalisha.

Mbazi alianza kupita kwa Bi Mwantumu asubuhi na koti lake, eti anakagua mawe. Nakunda akileta mkungu wa ndizi, Naetwe analeta maziwa. Naetwe akikaa saa moja, Nakunda anakaa saa mbili, na hana la kusema, amekaa tu. Ikafika mahali wakawa wananusa moshi. Kuni alizomletea Mbazi zilikuwa visiki vya kahawa, za Nakunda mgrivea, za Naetwe mkaratusi, na kila moshi una harufu yake. Nakunda husimama uani kwake jioni, pua juu, kisha anasema, "Leo anapikia mkaratusi," na chakula chake hakishuki. Bi Mwantumu akajifunza kuchanganya kuni zote tatu katika jiko moja, na bado wakagombana ni ukuni gani uliotangulizwa. Alikula chakula cha jioni mara tatu kila siku, maana kukataa bakuli la mmoja ni kumtangaza mwingine. Watu wakafanya utani. Wakasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu amekuja na wenyeji wanaugua.

Nanyi msicheke sana. Wivu haumjii mtu ambaye hajatoa kitu. Hawa walikuwa wametoa.

Mahindi yalipokaribia kukauka, Mzee Mrutu, msimamizi wa ndiva, akamjia Bi Mwantumu. "Ijumaa ni siku yako ya kikapu. Mwenyeji wako ni nani?"

"Wote watatu," akasema.

Mzee Mrutu akavuta pumzi, akakaa, akamweleza kila kitu, zamu, ukoo na kaburi. Bi Mwantumu alisikiliza yote. Aliona haya mpaka akaficha uso kwenye kanga. Na ndani ya haya hiyo, nasema ukweli kama nilivyoupata, alifurahi. Kule kambini, siku zote alizokuwa akiwaonea kijicho wanawake wenye jamaa wengi, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumgombania yeye. Sasa wanamgombania watatu. Alifurahi, na kufurahi kwake kukamwongezea haya.

Alhamisi akawazungukia kuwaomba radhi, akidhani mmoja atarudi nyuma.

Mbazi akasema, "Dada, ardhi ile ni yangu. Niliikata kwa sababu ya neno lako. Kikapu kikienda kwingine, mimi nairudisha ardhi yangu. Si hasira. Ni haki."

Nakunda akasema, "Mwenzangu, umenishika mkono mbele ya watu. Ukimpa mwingine, nitakuja na jembe langu, niing'oe migomba yangu yote sita, na maharage na kila bua la mahindi. Bora nikalishe mbuzi."

Naetwe akasema, "Mimi sina cha kurudisha wala cha kung'oa. Nilichokupa umeshakipata, nami siwezi kukichukua. Ila mlangoni kwako sitakuja tena. Nitapita, nitakusalimu, utaniambia salama, nami nitajifanya sijasikia."

Bi Mwantumu akarudi kwake. Alitazama pale mzigo wake ulipokuwa siku zile, akafikiria kuufunga upya. Kisha akachukua kikapu, akaenda shambani kuvunja mahindi.

Ijumaa asubuhi Mrindwa nzima ilikuwa ukingoni mwa ndiva, hata wagonjwa walibebwa. Bwawa lilikuwa limejaa, mlango wa maji haujafunguliwa. Mbazi alikaa na koti lake. Nakunda alikaa na jembe lake, nalo lilikuwa limenolewa. Naetwe alikaa mikono mitupu. Hakuna kati yao aliyemtazama Bi Mwantumu. Kila mmoja aliwatazama wenzake wawili.

Bi Mwantumu akaja na kikapu kichwani, akakishusha, akakishika mbele yake.

"Ndugu zangu," akasema, "mwenye kosa ni mimi. Nilitumia neno lenu bila kujua bei yake. Lakini sikudanganya. Kila nilipolisema, lilikuwa kweli siku hiyo. Nawaomba mnipe ruhusa nikigawe kikapu mara tatu."

Mzee Mrutu akatikisa kichwa. "Maji tungegawa. Kaburi halikatwi mapande, mama."

Bi Mwantumu akamwendea Mbazi, akafika karibu. Nakunda akashika mpini wa jembe. Bi Mwantumu akageuka kwa Nakunda. Mbazi akasimama, akaanza kufunga vifungo vya koti kama mtu anayeondoka. Bi Mwantumu akageuka kwa Naetwe, na Naetwe akainamisha macho, na chozi likamdondoka kwenye mikono ile mitupu. Bi Mwantumu akasimama katikati ya watatu. Mzee Mrutu akasema jua likifika juu ya ndiva atafungua maji, na jua lilikuwa limebakiza kidogo.

Haya. Mimi naishia hapa.

Msinitazame hivyo. Bila jicho la Mbazi, mwanamke huyu angekuwa mtoni chini ya udongo, na wafu hawali makande wala hawafarijiwi. Bila mkono wa Nakunda, angekuwa hai juu ya mawe yake, akifa njaa taratibu. Bila sikio la Naetwe, angekuwa ameshiba, ardhi yake imara, na yeye mwenyewe hayupo. Akimpa Mbazi anabaki na mawe matupu. Akimpa Nakunda anabaki na migomba isiyo na mahali pa kusimama. Akimpa Naetwe, atakuwa na mtu wa kumsikiliza, na wala hana pa kumkaribisha akae. Mimi nilipoulizwa mara ya kwanza nilijibu upesi, na mume wangu akaninunia siku mbili, maana yeye alikuwa na jibu lake.

Mikono ya Bi Mwantumu imeanza kuchoka, na miguu iliyo mbele yake ni jozi tatu. Wewe hapo, uliyekuwa unatikisa kichwa tangu nilipoanza: kama kikapu hicho kingekuwa mikononi mwako, ungekiweka miguuni pa nani? Na kabla hujajibu, watazame hao wawili ambao hutawapa.